Barua kutoka Nairobi: Nywele, Moshi na Amri ya Waziri

Nairobi, Agosti 2025

Ndugu zangu wa Tanga, najua mtanicheka kuuita mji huu ughaibuni. Ukipita mpakani Namanga usiku, asubuhi unakunywa chai huku. Lakini siku mnayoanza kuitwa “nyinyi”, basi hapo ni ugenini hata kama mmefika kwa miguu.

Nilikwenda Kenyatta Market kusuka. Ukiingia tu, kina dada wanakugombania: “Madam, kusuka?” Ukikaa, wanakuvamia watatu kichwa kimoja, na kwa saa chache umekwisha. Upande wa pili ni nyama choma, kwa hiyo unarudi nyumbani na rasta mpya zenye harufu ya mbavu za mbuzi.

Mteja wa kiti cha jirani alikuwa akisoma simu kwa sauti. Ilikuwa ile amri ya Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, ya mwishoni mwa Julai, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15 nchini kwetu Tanzania, saluni ikiwemo. Wasusi wote watatu waliacha nywele zangu. “Hii ni upuuzi,” mama mmoja kati yao akasema. “Soko la pamoja la Afrika Mashariki tulianza 2010, leo mtu anakatazwa kushika kitana?” Nikakubaliana naye, ingawa ni vigumu kutikisa kichwa kilichoshikwa na mikono sita.

Kisha akaongeza: “Lakini nyinyi Watanzania ndivyo mlivyo. Wivu, na uoga juu.”

Hapo nilinyamaza. Neno lake la kwanza lina mwenyewe: kuna waziri, kuna tarehe, na amri inaweza kufutwa kesho asubuhi. La pili ningelifutaje? Nikazaliwe upya Kisumu?

Nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema sisi tunajua maneno. (Hilo nalo ni “nyinyi” jingine, ila hilo nimelipokea.)

Ila msinishangilie, maana kwetu tunalo kosa hilohilo, kwa mlango wa nyuma. Mwezi Mei wakili Mkenya Martha Karua alizuiwa kuingia Dar alipokuja kufuatilia kesi ya uhaini ya mpinzani wetu Tundu Lissu. Wanaharakati Boniface Mwangi, Mkenya, na Agather Atuhaire, Mganda, walikamatwa, wakaja kutupwa mipakani, na wote wawili wakasema waliteswa. Wakenya walipohoji, mlinitumia ujumbe gani? Kwamba Wakenya hawana adabu, wanatutukana. Swali lilielekezwa kwa waliowashika, nanyi mkalipokea kwa niaba ya taifa zima. Serikali yoyote hupenda hivyo. Ikinyooshewa kidole, inajificha nyuma ya kanga za mama zetu.

Kweli, Wakenya waliokuwa wakiwapigia simu wabunge wetu usiku kucha kwa mkasa huo hawakuwa wote wakitafuta haki. Wengine walitaka tu kumcheka Mtanzania, na hao niliwajibu.

Na mazoea haya si ya leo. Mama mzaa chema alifunga ndoa mwaka 1977, mpaka na Kenya ulipofungwa. Mpaka ulipofunguliwa 1983 alikuwa bado anawaita Wakenya manyang'au, na hakuwahi kukutana na hata mmoja.

Kwa hiyo mkisikia Mkenya ameilaani amri ile, msimtafutie pasipoti wala kabila. Amri ile ina ofisi iliyoitoa. Iulizeni hiyo, nami nitawasaidia kuuliza.