JUA LINAWAKA, MWONGOZA NJIA ANASEMA ‘TOKENI!’

Watoto wa mjini tuna ugonjwa mmoja: kitu tukishakilipia, hatutaki kuambiwa basi. Tukilipa kiingilio cha dansi tutakesha hata miguu ivimbe, tukinunua chipsi zilizolala tutazimaliza. Mjini ugonjwa huu hauui. Porini, mpenzi msomaji, unaua.

Ilikuwa Novemba 2018. Nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, washkaji wanne wa huko wakanichukua Jumamosi moja kwenda kutembea Hell’s Gate, yaani Lango la Jahanamu, karibu na Ziwa Naivasha. Usishtushwe na jina. Ni hifadhi ndogo iliyoanzishwa mwaka 1984, kilometa za mraba 68 hivi, na raha yake ni kwamba unaingia kwa miguu au kwa baiskeli huku twiga na pundamilia wakikukodolea macho. Alfajiri tukapanda matatu, Naivasha mjini tukabadilisha gari, tukashuka njia panda ya lango la Elsa na kukodi baiskeli. Mara yangu ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa darasa la tano, kwa hiyo vituko vya hapo sivisemi!

Tukapita Fischer’s Tower, jabali la mita 25 lililosimama peke yake kama mlinzi wa usiku, tukakanyaga mpaka kwenye korongo lenyewe, Ol Njorowa. Hapo baiskeli unaziacha, unachukua mwongoza njia. Wetu alikuwa kijana wa Kimaasai, mpole, maneno machache.

Kule chini, usipime! Zamani sana ziwa kubwa kuliko Naivasha ya leo lilimwagikia hapa na kuchonga miamba ya volkano. Kuta zimepanda juu, na mahali pengine pamebana, ukinyoosha mikono unagusa huku na huku. Ukutani yanachirizika maji ya moto, maana ardhi ya eneo lile inachemka. Ndiyo hiyo inayotoa mvuke wa kuzalisha umeme pale Olkaria tangu mwaka 1981. Filamu ya pili ya Tomb Raider, iliyotoka mwaka 2003, nayo ilipigwa kwenye hifadhi hiyo, basi dada mmoja wa kundi letu kila kona anajifanya Angelina Jolie, sisi tunampiga picha.

Katikati ya vicheko hivyo, mluzi ukasikika kutoka juu ya genge. Alikuwa mwongoza njia mwingine. Wakasemezana Kimaasai, kisha kijana wetu akageuka: “Jamani, tunatoka. Kule vilimani kumefunga.”

Tukatazama juu. Kautepe ka mbingu tulikokuwa tunakaona kalikuwa ka bluu tupu, na jua linachoma! Mshkaji mmoja, ambaye ndiye aliyetoa hela, akaja juu. “Wewe kaka, mvua iko wapi? Tumelipa mpaka mwisho, tutafika mwisho.”

Kijana wala hakupandisha sauti. “Pesa yako nitakurudishia, kaka. Mvua ya hapa hainitishi. Ya kule ndiyo inayokuja hapa. Mama yangu ananingoja, na wako anakungoja.”

Mimi nikawa wa kwanza kumfuata. Akatupandisha kwenye kijinjia cha kutokea, tunashika mizizi, tunavutana mikono, na mwenye hela yuko nyuma analalamika. Tulipofika juu ndipo tukaona: mbali kule, mlima mzima umemezwa na wingu jeusi.

Tukakaa juu ya genge saa nzima. Unadhani maji yalikuja? Hayakuja! Hata tone. Mshkaji alitucheka njia nzima mpaka Nairobi, akambatiza yule kijana jina la ‘Mtabiri’.

Jumapili, Septemba 1, 2019, maji yalikuja. Yalisomba watalii waliokuwa ndani ya korongo hilohilo. Watu 7 wakafa, na mmoja wao alikuwa mwongoza njia. Shirika la Wanyamapori la Kenya likazifunga njia za korongoni. Na haikuwa mara ya kwanza: Aprili 2012 vijana 7 waliokwenda pale na kundi la kanisa walikufa vilevile. Usiku ule wa 2019 mshkaji alinipigia simu, akawa ananiuliza swali moja tu: “Yule Mtabiri ni mzima?” Sikuwa na jibu. Jina lake halisi hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Ndugu msomaji, korongo ni kama mfereji wa paa. Paa lote linapokea mvua, lakini maji yote yanapita kwenye mfereji, na ukisimama humo huhitaji kuona tone ili yakufikie. Ukiona maji yamegeuka tope, yanaleta majani na vijiti, au ukisikia mngurumo, usiulize, panda juu. Usikimbie kufuata mkondo, maji yana mbio kuliko wewe.

Ukienda, ulizia langoni njia ipi iko wazi siku hiyo na wingu liko wapi. Mwongoza njia akikwambia tokeni, mlipe hela yake yote na umshukuru. Tena muulize na jina.