JE, KUWEKA NYAYA ZA MENO NI KUBADILI MAUMBILE YA ALLAH?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, dada mmoja amenitumia ujumbe mrefu wa sauti. Binti yake ana miaka 13. Meno yake ya juu yametokeza mbele kiasi kwamba akinyamaza midomo haikutani. Wenzake wanamwita kwa jina la meno yake. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono, na siku hizi hataki kusoma Qur'ani mbele za watu. Daktari ameshauri awekewe nyaya. Mama anataka, baba amekataa, anasema huko ni kubadili maumbile ya Allah. Nani yuko sahihi?

Kwanza, baba huyu tusimcheke. Hofu yake ina asili. Katika Suratun Nisaa aya ya 119 Allah anatueleza jinsi shetani alivyoahidi kuwaamrisha watu wabadili maumbile Yake. Na katika Bukhari na Muslim, Abdullah bin Mas'ud (R.A) ametaja laana kwa wanawake wanaotenganisha meno yao kwa kutafuta uzuri. Wanachuoni wanaeleza kuwa mwanamke aliyekwenda umri alikuwa akichonga meno ya mbele apate mwanya, aonekane bado kijana.

Sisi watu wa huku tunajua mwanya unavyosifiwa. Aliyezaliwa nao amshukuru Mola wake, hana dhambi wala hana haja ya kuuziba. Lakini anayekwenda kwa fundi akakwanguliwa jino zima kwa tupa ili naye awe na mwanya, hadithi hii inamgusa yeye. Tena amejidhuru, maana lile gamba gumu la nje ya jino likishaondoka halioti tena.

Sasa tazameni sharti lililomo ndani ya hadithi yenyewe: wanafanya kwa kutafuta uzuri. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii tunamtegemea sana, alipoisherehesha hadithi hii alilisimamia neno hilo. Akasema kilichoharamishwa ni kufanya kwa ajili ya uzuri. Ama mtu akihitaji kwa matibabu au kwa sababu ya kasoro katika jino, hapana ubaya. Na katika zama zetu Sheikh Ibn Uthaymin (Allah amrehemu) aliigawa kazi ya kunyoosha meno mafungu mawili: anayetaka kuongeza urembo tu amekatazwa, na anayeondoa kasoro ameruhusiwa.

Tena tunayo hadithi ya Arfaja bin As'ad (R.A), katika Abu Daud na Tirmidhi. Pua yake ilikatwa vitani siku ya Kulaab. Akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia, Mtume (S.A.W) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu ambayo kwa mwanamume ni haramu! Haja ya kuondoa kasoro iliifungua njia.

Kwa hiyo swali la wazazi hawa linabaki moja: hili la binti yao ni kasoro au ni urembo? Hapo ndipo tunapowasikiliza madaktari.

Daktari mmoja wa Marekani, Edward Angle, mwaka 1899 aliyapanga matatizo haya katika madaraja matatu, akiangalia gego la kwanza la kudumu la juu linavyokutana na la chini. Daraja la kwanza, magego yamekutana sawa ila meno mengine hayakukaa vizuri. La pili, safu ya chini iko nyuma mno, na mara nyingi meno ya juu huonekana yametokeza. La tatu, safu ya chini imetangulia mbele. Madaktari wanautumia mpangilio huu hadi leo.

Ndani ya madaraja hayo kuna hali ambazo sote tumeziona:

1. Meno kupandana, kwa kuwa taya halina nafasi ya kutosha. Mabaki ya chakula hujificha humo, mswaki haufiki, yakaoza.
2. Meno ya juu kutokeza mbele. Mtoto akianguka, hayo ndiyo huvunjika kwa urahisi.
3. Meno ya juu kuyafunika ya chini kupita kiasi, mpaka ya chini yanaweza kuumiza ufizi wa ndani.
4. Meno ya mbele kutokutana. Magego yamefunga, mbele kumebaki uwazi; hata kukata kipande cha mkate ni shida.
5. Jino la juu kuingia ndani ya la chini, likawa linasagika vibaya.

Mimi nimefundisha madrasa miaka mingi, na hali ya nne naijua kwa masikio kabla ya macho. Herufi za thaa, dhaal na dhwaa zinatoka kwenye ncha ya ulimi na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Faa inatoka kwenye meno hayo hayo na mdomo wa chini. Ndiyo maana vitabu vya tajwidi vinatufundisha majina ya meno yote 32, kuanzia thanaaya za mbele mpaka nawaajidh za mwisho. Mtoto ambaye meno yake hayakutani anaweza kujitahidi usiku na mchana na siin yake bado ikateleza. Walimu wenzangu, kabla ya kunyanyua fimbo, mwambieni afungue mdomo.

Basi jibu langu kwa wazazi hawa: kwa sifa zilizoelezwa, hii ni kasoro, na kuitibu kunaruhusiwa. Hata Waarabu kazi hii wanaiita taqwiim ya meno, na taqwiim ni neno lile lile lililomo katika Suratut Tiin, Allah anapotaja umbo bora alilomuumbia mwanadamu. Nyaya zinasukuma jino polepole. Mfupa unalika upande mmoja na kujengeka upande wa pili. Ndiyo maana kazi inachukua mwaka mmoja, miwili au zaidi, na baadaye huvaliwa kifaa cha kulizuia jino lisirudi lilikotoka.

Kuhusu ibada: kwa madhehebu yetu kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, kwa hiyo nyaya hazibatilishi chochote. Sukutua vizuri. Mwenye kufunga, kukazwa nyaya hakufunguzi maadamu hakumeza kitu. Ila mabaki ya daku hunasa sana kwenye nyaya. Yatoe kabla ya alfajiri, usiyameze kwa makusudi mchana.

Na zile nyaya za mapambo, zinazobandikwa na mafundi wa urembo kwenye meno yaliyonyooka ili mtu aonekane wa kisasa? Hizo hazina udhuru, na zina madhara. Ziacheni.

Asiye na uwezo hana lawama. Matibabu haya ni ghali, na Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Lakini kinga haina gharama kubwa. Yatunzeni meno ya utoto, kwani likiondoka mapema majirani zake huinamia pengo na la kudumu likakosa njia. Mtoto anayeendelea kunyonya kidole wakati meno ya kudumu yanaanza kuota, mwachisheni kwa upole. Na mtoto mchanga akiwa na homa au kuharisha, msimpeleke kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Yale ni machipukizi ya chonge zake. Mpelekeni hospitali.

Mwisho, nasema na wanaomwita binti yule kwa meno yake. Suratul Hujuraat aya ya 11 imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Nyaya zitanyoosha meno yake kwa miaka miwili. Ulimi wako wewe utanyooshwa na nani, kama si toba?

Binti yangu, ukisoma ujumbe huu: usisubiri nyaya. Isome Qur'ani yako leo, kwa sauti. Anayesoma kwa shida ameahidiwa ujira mara mbili.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azihifadhi ndimi zetu. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.