Kamera mbili, mbuga moja ya Kaliua

Baba yangu hana tabia ya kuomba vitu. Ndiyo maana alipopiga simu mwezi Agosti akisema anataka picha, nilidhani ni pasipoti saizi ya kitambulisho. Kumbe alitaka picha ya mbuga iliyo nyuma ya nyumba yetu huko Kaliua, pamoja na msitu unaopakana nayo, ule wenye mizinga yake ya nyuki. Iwe kubwa, ya kutundika ukutani.

Sababu tuliijua sote. Kikao cha familia kilikuwa kimeshaamua mdogo wangu afyeke upande ule alime tumbaku. Ana watoto watatu shuleni na asali ya baba haitoshi ada. Mzee alikubali, ila akaomba picha ipigwe kabla shoka halijaingia. Ndugu watano tukachangishana kwa simu, ikapatikana milioni moja na laki mbili. Kazi ya kununua kamera nikapewa mimi niliyeko Tabora mjini, kwa sababu tu niliwahi kutunza kamera ya shule niliyokuwa nikifundisha.

Utauliza, msomaji, simu zina kazi gani? Nilijaribu. Picha ya simu inapendeza ikiwa ndani ya simu. Ukiikuza ifike inchi 20 kwa 30, majani ya mti yanageuka uji. Isitoshe, tulitaka chombo kibaki nyumbani kwa ajili ya harusi na misiba ijayo.

Mpiga picha mmoja wa harusi hapa mjini alikuwa anauza kamera zake mbili za zamani, zote Nikon: D7200 iliyotoka mwaka 2015 na D5600 iliyotoka mwishoni mwa 2016. Pamoja na lenzi ya 18-140, ya kwanza aliitaka milioni moja na elfu hamsini, ya pili laki nane. Kwa kuwa tunafahamiana, aliniachia zote siku tatu, nikamwekea fedha yake mkononi.

Wiki nzima nilikuwa nimekosa usingizi nikizilinganisha, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa, maana zinafanana mno. Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani, kina ukubwa uleule na nukta zilezile milioni 24 kwa zote mbili. Lenzi ni zilezile. Tofauti iko kwenye mwili. D7200 imezibwa viungo vyake dhidi ya vumbi na manyunyu, ina nafasi mbili za kadi, kitundu chake cha kuchungulia kinaonyesha picha yote, na betri yake imepimwa kutoa picha 1,110 kwa chaji moja. D5600 inatoa 970, ina nafasi moja ya kadi, na kitundu chake kinakata pembeni kidogo, kinaonyesha asilimia 95. Haina mota ya kuendesha lenzi za zamani, hivyo lenzi hizo unazungusha kwa mkono. Kwa mti usiokimbia, hilo halikunisumbua. Lakini skrini yake inafunguka kama mlango wa kabati na kugeuka utakavyo, wakati ya D7200 imegandishwa mgongoni. Uzito, pamoja na betri na kadi, ni gramu 765 kwa 465.

Kwenye karatasi, D7200 ilikuwa imeshinda. Nilipanda basi nikiwa nimeshaamua, nikabeba zote kwa kutimiza tu.

Basi la Kaliua linapita Urambo, mji wenye jina la mtemi Mirambo. Mwaka 1871 alifunga njia ya misafara ya Ujiji, hata Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Reli ilikuja baadaye, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na Kaliua ndipo inapochepuka kwenda Mpanda. Ukishuka pale na kamera shingoni, usianze kupiga stesheni na reli bila kuomba ruhusa. Utajieleza mpaka jua lizame.

Nilipofika nyumbani na kuamkia, nilitoa kamera zote mbili juu ya mkeka. Baba akazipima mkononi, moja kulia, moja kushoto.

"Hii nzito ina nini zaidi?"

Nikamweleza habari za vumbi na kadi mbili. Akacheka. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30 kutoka huku hadi pwani. Mwanawe mtu huyo sasa anamweleza habari za gramu 300.

Mimi nami nikamsimulia ya Speke na Grant. Waliondoka pwani mwaka 1860 na kamera. Siku hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa papo hapo, ndani ya hema lililozibwa mwanga. Njiani Speke aliona joto la hema lile litamuua mwenzake, akairudisha kamera Unguja. Walipofika Kaze, yaani Tabora hii, mwaka 1861, Grant alikuwa anachora kwa mkono, na michoro katika kitabu cha Speke cha 1863 mingi inatokana na kazi yake. Baba alifikiri kidogo, akauliza kama Grant alichora nyuki. Sikujua la kumjibu.

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa mbugani. Jua la Septemba huku huchomoza kama saa moja kasoro dakika ishirini, na mwanga mzuri haukai, kabla ya saa mbili umeshakuwa mkali na moshi wa mashamba yanayochomwa umefanya anga kuwa jeupe. Ndipo nilipogundua jambo ambalo ulinganisho wote niliousoma haukuniambia. Waandishi wale wanapiga milima na maporomoko. Kaliua ni tambarare. Ukisimama wima na kamera usawa wa jicho unapata mstari mmoja, nyasi chini na mbingu juu, kama bendera ya nchi isiyojulikana. Nilipiga picha kumi na tano na D7200 na zote zilikuwa mahali popote pale.

Kwenye nchi ya namna hii una njia mbili, kushuka au kupanda. Niliishusha D5600 hadi shubiri moja kutoka ardhini, nikageuza skrini iangalie juu, nikaiona picha bila kulala kifudifudi. Nyasi zikawa kubwa mbele, kijinjia cha ng'ombe kikaonekana kinaelekea msituni. Kisha nikapanda kichuguu, nikainua kamera juu ya kichwa kwa mikono miwili na skrini imeinama kunitazama. Sasa mbuga ilijikunja na msitu ukaonyesha kina chake. Mitundu ilikuwa imechipua yale majani mekundu ya kabla ya mvua, ambayo wageni hudhani yanakauka, kumbe ni machanga. Nilijaribu hayohayo na D7200. Chini nililala kwenye mavi ya ng'ombe, juu nilipiga kwa kubahatisha na kukata vilele vya miti.

Kuhusu vumbi, bodaboda iliyonitoa kituoni ilinifundisha kwamba kinga ya kwanza ni mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Na ukibadilisha lenzi upepo ukivuma, kamera iliyozibwa na isiyozibwa zote zinakula vumbi sawasawa. Nisidanganye hata hivyo: ningekuwa mtu wa kufanya kazi mvuani kila wiki, ningelipa ile laki mbili na nusu ya tofauti bila kulalamika.

Jioni niliweka picha mbilimbili kwenye kompyuta mpakato, zilizopigwa kutoka sehemu ileile, ISO 100, tundu la lenzi f/8, kamera ikiwa juu ya kigoda. Nilikuza mpaka gome la mninga likaonekana. Sikuweza kuzitofautisha. Hata vivuli vya chini ya miti, nilivyoviacha giza ili kuokoa rangi ya mbingu, viliinuka sawasawa kwenye faili za RAW. Baba, ambaye macho yake hayako vizuri tena, alizipita picha zote za usawa wa jicho bila kusema neno. Kwenye ile ya kichuguuni akasimamisha kidole.

"Hapa ndipo."

Nilirudisha D7200. Iliyobaki kwenye mchango ilinunua stendi ya miguu mitatu, maana kigoda hakifai juu ya kichuguu, na ikalipa kuchapisha picha moja ya inchi 20 kwa 30 na fremu yake. Nilirudi Kaliua mwanzoni mwa Oktoba nikapiga upya na stendi, safari hii saa moja kamili asubuhi. Niliinyanyua stendi yote, kamera juu yake, nikaweka sekunde kumi za kujipiga yenyewe. Kati ya ishirini, mbili hazikutikisika.

Picha ilitundikwa sebuleni, mkabala na kiti cha baba. Mdogo wangu alikuja usiku akitoka kumwagilia vitalu vya miche, miguu ina matope. Alisogea karibu na ukuta na tochi ya simu, akaanza kuhesabu mizinga mitini kwa kidole. Akafika saba.

"Si ilikuwa sita?" akauliza.

Baba akamwambia wa saba uko kwenye mkora wa nyuma, alioutundika mwaka aliozaliwa yeye. Mdogo wangu akabaki ameushikilia mwanga pale pale.

"Huo mkora," akasema, "kwani uko ndani ya mpaka wa shamba?"

Asubuhi walikwenda kuangalia wawili. Mimi nilikuwa na basi la saa mbili.