Karatasi Zinazopepea Huixcolotla

Mtu atokaye mji wa Puebla, katika nchi ya Meksiko, akielekea kusini-mashariki kwa basi, hupita katika uwanda mpana ulio juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Nyuma yake hubaki mlima Popocatépetl, ambao hutoa moshi kama jiko lisilozimwa, na upande wa kushoto husimama mlima Malinche, uliopoa tangu zamani. Asubuhi baridi ya huko ni ile ya Kabale. Kando ya njia kuna mashamba ya mahindi, kabichi na vitunguu, na baada ya mwendo wa saa moja na kitu basi huingia San Salvador Huixcolotla.

Msomaji asidhani kwamba mji huo unapendeza macho mara moja. Kwanza utakutana na malori, kwa kuwa hapo pana soko kubwa la jumla la mboga, na wachukuzi hawana muda wa kumpisha mgeni. Mimi mwenyewe nilisukumwa na gunia la pilipili kabla sijasema salamu. Lakini inua macho. Juu ya vichwa vya wachukuzi hao, kutoka paa hadi paa, zimetundikwa karatasi nyembamba za zambarau, waridi, manjano na chungwa, nazo zimetobolewa kwa ufundi hata huonekana kama lesi ya mapazia. Upepo ukija, mtaa mzima hunong'ona.

Nilifika huko mwezi wa Oktoba, mwaka 2019, kwa sababu binti yangu alikuwa akisoma Puebla. Hapana budi niseme pia sababu ya pili. Mimi ni mjane wa sajini wa polisi. Miaka yote tulipokuwa tukiishi katika nyumba za kambi, mume wangu alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mkubwa aliyempa. Kila mwanzo wa Oktoba alinunua karatasi nyeusi, za manjano na nyekundu, akakaa mezani usiku na wembe, akakata vibendera vya Sikukuu ya Uhuru: korongo wetu wa taji, nyota, ngoma, majani ya mgomba. Alikatia juu ya ubao wangu wa mboga, nami nikanung'unika. Tarehe 9 mstari wetu wote ulipepea, na watoto wa mistari mingine walikuja kuangalia.

Alipofariki mwaka 2016, ilitubidi kuhama. Nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi, na kila mke wa askari analijua jambo hilo tangu siku anayopewa ufunguo. Tulihama kwa haraka, katika mvua, na kasha lililokuwa na vielelezo vyake vyote likapotea njiani. Sikuligundua hilo hadi Oktoba iliyofuata, mjukuu wangu aliponiuliza vibendera viko wapi. Nilijaribu kumkata korongo kwa kukumbuka. Alitoka kama kuku aliyenyeshewa.

Basi binti yangu aliponiandikia kwamba karibu na chuo chake uko mji ambao watu wake huishi kwa kukata karatasi, nilifunga safari.

Wenyewe huiita kazi hiyo papel picado, yaani karatasi iliyotobolewa. Historia yake ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kale: kabla ya Wahispania kuuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, watu wa nchi hiyo walikuwa na karatasi yao, iliyoitwa amate, iliyotengenezwa kwa magome ya miti ya jamii ya mkuyu. Magome hayo huchemshwa, hupangwa juu ya ubao, kisha hupondwa kwa jiwe mpaka yashikamane. Niliposikia hayo nilicheka peke yangu, kwa maana hivyo ndivyo Baganda wanavyoliponda gome la mutuba, ambao nao ni wa jamii hiyohiyo, wakapata mbugu. Tena mbugu zetu na sikukuu ya marehemu ya Meksiko vimo pamoja katika orodha ya urithi ya Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, na vyote viwili viliingizwa humo mwaka 2008. Wahispania walichukia amate kwa sababu ilitumika katika ibada za zamani, lakini haikufa. Waotomí wa kijiji cha San Pablito, katika milima ya kaskazini ya jimbo hilohilo la Puebla, wanaiponda hadi leo.

Mlango wa pili ni wa bahari. Tangu mwaka 1565 hadi 1815 majahazi makubwa ya Kihispania yalisafiri baina ya Manila, katika Ufilipino, na bandari ya Acapulco, yakileta hariri, vyombo vya kaure na bidhaa nyingine za Uchina. Ndiyo maana karatasi ile nyepesi inayotumiwa kwa mapambo bado huitwa karatasi ya Kichina. Watu wa Huixcolotla husimulia kwamba babu zao, waliokuwa vibarua wa mashamba ya matajiri, waliipata katika maduka ya mashamba hayo, wakaanza kuikata. Kutoka hapo kazi ilienea hadi mji mkuu na nchi nzima, na mwaka 1998 serikali ya jimbo la Puebla iliutangaza ufundi wa mji huo kuwa urithi wa jimbo.

Karakana niliyoingia ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye meza nzito na dirisha la upande wa jua. Fundi alikuwa mzee wa makamo, mwenye vidole vifupi. Alichukua rundo la karatasi hamsini, akaliweka juu ya bamba la risasi. Askari wasishtuke: si risasi ya bunduki, ni madini yenyewe, laini kiasi cha kuyapokea makali ya patasi bila kuyafanya butu. Juu ya rundo aliweka karatasi yenye mchoro. Kisha akaanza kupiga: patasi kushoto, nyundo kulia, pigo moja kwa kila alama. Patasi zake zilijaa kopo zima, nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda kama mwezi mchanga, nyingine ni za mviringo na hutoboa kitundu cha ukubwa wa punje ya mtama. Hakuharakisha wala hakusimama. Vipande vilivyokatika aliviondoa kwa ncha ya patasi, vikaanguka sakafuni kama maua ya mjakaranda.

Siri ya kazi yote ni moja, nayo alinieleza kwa kunionyesha karatasi iliyoharibika. Mkataji haangalii anachoondoa, bali anachobakiza. Kila sehemu ya picha lazima ishikwe na jirani yake kwa uzi mwembamba wa karatasi. Jicho lishikwe na uso, uso na mapambo, mapambo na ukingo. Kikatike kiungo kimoja tu, mkono wa mtu huanguka, na karatasi hamsini zimekwisha kazi. Hapo nilijua kwa nini korongo wangu alishindikana. Nilikuwa nimechora ndege mzima, kisha nikamkata kandokando, akatoka mwilini mwa karatasi kama biskuti katika kibati.

Mwezi huo mzee alikuwa akikata mafuvu na mifupa inayocheza ngoma. Mgeni huogopa. Lakini katika nchi hiyo fuvu ni mzaha wa siku nyingi. Mchoraji José Guadalupe Posada, aliyeishi tangu 1852 hadi 1913, aliwachora wakubwa na matajiri kuwa mifupa iliyovaa kofia, ili watu wakumbuke kwamba chini ya joho wote ni sawa. Tarehe 1 Novemba huwakumbuka watoto waliofariki, na tarehe 2 watu wazima. Nyumbani hutengenezwa meza yenye picha ya marehemu, maji, chumvi, mshumaa, mkate wa siku hiyo, chakula alichokipenda, na maua ya rangi ya chungwa ambayo harufu yake huingia hata katika nguo. Karatasi hutundikwa juu ya meza. Wenyewe husema karatasi ni upepo, na ikitikisika, mpendwa amefika.

Si msiba tu. Septemba, usiku wa kuamkia tarehe 16, wanapokumbuka vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1810, karatasi huwa za kijani, nyeupe na nyekundu. Harusini huwa nyeupe, zenye njiwa. Desemba huwa na nyota na kengele.

Nilimwuliza mzee, kupitia kwa binti yangu, kama kazi inalipa. Alikunja uso. Siku hizi ziko mashine zinazokata kwa mwanga wa leza, na ziko karatasi za plastiki zisizoogopa mvua. Mteja wa mtaani hutaka plastiki, kwa maana hudumu. Yeye mwenyewe huikata plastiki, hakunificha. Njaa haina urithi. Kisha akafungua droo, akanionyesha vielelezo vya baba yake, vimechakaa, vingine vimegeuka rangi ya chai. Kielelezo huwekwa juu ya rundo na hukatwa pamoja nalo. Kwa hiyo kila mchoro hufa kwa kazi, na fundi mwenye akili hunakili kabla ya kupiga pigo la kwanza. Mimi niliuliza: na asiponakili? Akanijibu kwamba huomba karatasi moja kwa yeyote aliyenunua, akaichora upya kutoka kwenye matundu yake.

Jibu hilo ndilo lililonirudisha nyumbani na kazi. Vielelezo vya mume wangu vilipotea, lakini vibendera vyake alivigawa miaka mingi. Niliwaandikia wake wa askari tuliokaa nao mstari mmoja; wengine wako Gulu, wengine Mbarara, mmoja yuko Arua. Nilitarajia watanicheka. Baada ya miezi michache nilipata vinne. Kimoja kilikuwa kimebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Kimoja kilifunika kitabu cha shule. Wa Arua aliniletea yeye mwenyewe, amekiweka katika Biblia, akasema, "Mama Sajini, hiki nilikiomba siku tulipompata kitinda mimba."

Kwa akina mama na watoto wanaotaka kujaribu, haya ndiyo niliyoyaona yanafaa katika nyumba zetu. Bamba la risasi liacheni huko huko, kwa kuwa madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ubao mgumu unatosha. Bila patasi, msikate karatasi hamsini. Kunjeni karatasi moja nyepesi mara mbili au tatu, mkakate kwa mkasi kwenye mikunjo, na mkiifungua mtaona pambo limejirudia pande zote. Mwenye mkono uliotulia atumie wembe kwa matundu ya katikati, watoto wakiwa mbali. Acheni ukingo mtupu wa juu upatao sentimita 3, mkaukunje juu ya uzi na kuubandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Uji huo usiwe wa moto wala wa majimaji, la sivyo karatasi hukunjamana. Acheni nafasi kati ya kibendera na kibendera, ili upepo upite. Na msitundike chini ya ukingo wa paa. Mwaka wa kwanza nilivitundika hapo, mvua ikanyesha usiku, asubuhi ukuta wa jirani yangu ulikuwa na machozi mekundu na meusi, nami nilinunua chokaa.

Mwanangu mkubwa, ambaye ni mwanajeshi, hakuipenda kazi hii. Alikuwa amesikia habari za mafuvu na meza ya marehemu, akaniambia kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Mama, baba amepumzika. Majirani watasema unaita mizimu." Sikubishana naye. Nilimwambia sikati fuvu wala sipiki chakula cha mtu asiyekula, na kwamba siku niliyoichagua si Novemba bali ni ileile ya baba yake. Alinyamaza. Sijui kama alikubali.

Mwaka jana alikuja likizo tarehe 7 Oktoba. Usiku, wajukuu walipokwisha kulala, alivuta kiti mezani, akaukagua ubao wa mboga, akaomba wembe. Nilimpa kielelezo cha korongo nilichokichora upya kutoka kwenye kibendera cha Arua. Alikata kama anayesafisha bunduki, kimya, ulimi umetoka kidogo pembeni, sawasawa na baba yake. Karibu na mwisho alikata kiungo kisichopaswa kukatwa, na mguu wa ndege ukaanguka juu ya meza.

"Korongo wa bendera husimama kwa mguu mmoja," nikamwambia.

"Huyu hana hata huo mmoja, mama."

Tulimtundika vivyo hivyo, karibu na mlango.