Mchagua Jembe

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Kauli hiyo ni kali, na yamkini huwaonea wale wapendao kupima kabla ya kukata. Hata hivyo, ipo siku humfika mtu akaona kwamba ametungiwa yeye.

Msomaji na amwazie mwalimu mstaafu wa hisabati katika jimbo la Ohio, Marekani, mwenye umri wa miaka 63. Mzee huyu ameweka akiba inayotosha kuunda bunduki moja tu ya kulengea shabaha iliyo umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Mtambo, kitako na darubini alivichagua kwa siku moja. Lililomshinda ni kaliba: kipenyo cha mtutu na aina ya risasi itakayopita humo. Kwa misimu miwili ya baridi amekuwa akichora majedwali daftarini, akijumlisha na kutoa, bila kuagiza chochote.

Neno lenyewe si geni kwa Mswahili kama linavyodhaniwa. Wanaisimu wengi hulirejesha neno hilo la Wazungu kwenye Kiarabu, katika neno lenye maana ya umbo la kusubia vitu. Neno hilo hilo ndilo lililozaa kalibu katika Kiswahili. Aidha, risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho, na hapo kale madini hayo yaliyeyushwa yakamiminwa katika kalibu. Kuchagua kaliba, basi, ni kuchagua umbo ambalo kila kitakachofuata kitalazimika kulifuata.

Majedwali ya mzee yalikuwa na safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka wa 1952, ambayo risasi zake hupatikana kwa urahisi na teke lake halichoshi bega. Ya pili ilikuwa ya 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka wa 2007. Risasi yake ni nyembamba na ndefu, hivyo hupasua hewa kwa wepesi. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma kando pungufu kidogo ya mita mbili katika masafa hayo, ilhali risasi ya kawaida ya .308 husukumwa takriban mita mbili na nusu. Mbele ya duara la alama kumi lenye upana wa sentimita 25 pekee, tofauti hiyo si ndogo. Safu ya tatu ilikuwa ya 6.5-284, yenye kasi kuliko hizo mbili.

Lakini kasi haitolewi bure. Baruti nyingi inapolazimishwa kupita katika tundu jembamba, moto wake hula koo la mtutu. Walengaji wenye uzoefu hukadiria kuwa mtutu wa .308 huweza kustahimili risasi 5,000 hivi, wa 6.5 Creedmoor nusu yake au zaidi kidogo, na ule wa 6.5-284 hauzidi sana 1,200 kabla ya kuanza kutapanya. Fauka ya hayo, mzee alikuwa na hesabu nyingine ambayo hakuiandika daftarini. Daktari alikuwa amempata na glakoma, maradhi yapunguzayo uoni polepole na yasiyorudisha kilichokwisha kutwaliwa. Akajiuliza: mtu mwenye misimu michache ya macho anunue mtutu utakaodumu kuliko jicho lake, au anunue kasi na kuiteketeza pamoja na uoni?

Jioni moja mkewe alimkuta mezani akifuta tarakimu. Akamuuliza, bila kejeli, amepiga risasi ngapi tangu alipoanza kuchagua. Mzee aliufungua ukurasa wa mwanzo, kisha wa mwisho. Jibu lilikuwa sifuri.

Usiku huo alikikumbuka kisa ambacho walengaji wa kwao hukijua vyema. Mnamo Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor, New York, Wamarekani walishindana na Waireland kwa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walitumia bunduki za kupakiwa nyuma, ambazo wengi walizitilia shaka. Waireland walitumia za kupakiwa mdomoni, zilizosifika wakati huo. Wamarekani walishinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Miongoni mwa waliolenga upande wa Ireland alikuwamo mmoja aliyepiga katikati kabisa, ila shabaha aliyoipiga haikuwa yake. Alama zikapotea. Bunduki ilitii ilivyoelekezwa. Hakuna kaliba ambayo ingemwokoa.

Asubuhi mzee aliagiza mtutu wa .308. Hakujidanganya kwamba amepata kilicho bora. Alijua upepo ungemtoza zaidi. Lakini lipo kundi la mashindano liitwalo F-TR, ambamo kaliba zinazoruhusiwa ni .308 na .223 tu, na humo angekabiliana na wenzake wanaotozwa kodi ile ile. Isitoshe, mtutu wa kudumu ungemwachia fedha za baruti na za safari za uwanjani. Kama macho yalikuwa na misimu michache, basi misimu hiyo iliwiwa mazoezi, si majedwali.

Siku ya kwanza uwanjani, bendera za upepo zilielekea kushoto karibu naye na kulia karibu na shabaha. Alisubiri, akakadiria, akafyatua. Alama ilipoonyeshwa, ilikuwa saba, pembeni kulia. Akalifungua daftari lile lile, na chini ya safu zake tatu akaandika saa, mwelekeo wa kila bendera, na ile saba. Kisha akapakia risasi ya pili.

Mchagua jembe si mkulima. Lakini wahenga hawakusema kwamba hawezi kuwa mkulima siku atakapoliingiza shambani.