Seva Mbili, Umeme Mmoja

Vibao vya ofisi za umma Kayanga, wilayani Karagwe, na Rubwera, wilayani Kyerwa, siku hizi vina anwani za barua pepe zinazoishia na go.tz. Miaka ya 2000, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, ofisi nyingi nchini zilitumia anwani za Yahoo, na barua yenye uzito ilipita masijala, ikasainiwa kwenye dispachi, ikapanda basi. Katikati ya nyakati hizo palikuwa na hatua inayosahaulika upesi, ya taasisi kuwa na seva yake yenyewe: kompyuta moja chumbani, Linux ndani yake, Postfix ya kupokea na kutuma barua, Dovecot ya kufungulia masanduku, na kila kitu kwenye diski moja. Husemwa kwamba mtindo huo ulikufa kwa sababu mashine moja haitoshi. Sikubaliani. Mashine ya pili ilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi ngumu ilikuwa kutafuta vitu ambavyo mashine mbili zingeendelea kuvitegemea kwa pamoja, na katika wilaya hizi mbili vitu hivyo vilikuwa vingi.

Chukua umeme. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkoa wa Kagera, zilimo wilaya hizi, ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kuletwa kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka. Ukifunga seva mbili Kayanga, kila inachoandika ya kwanza kikinakiliwa papo hapo kwenye diski ya pili, na anwani moja inayohamia kwenye mashine iliyo hai (yaani klasta), umejikinga dhidi ya diski kufa au pawasapulai kuungua. Hitilafu ikitokea kwenye njia ya umeme, zote mbili huishia kwenye betri zilezile, kisha kwenye jenereta ileile, kama dizeli ipo. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lililobomoa majengo mengi mkoani, lilionyesha kwamba chumba nacho ni kitu kimoja kinachotegemewa na wote. Na kuna hatari ambayo seva ya peke yake haikuwa nayo kabisa. Waya unaoziunganisha mbili ukikatika, kila moja hudhani mwenzake amekufa na kujitwalia masanduku yote. Mafahali wawili zizi moja. Barua mpya huingia huku na nyingine kule, na kuzipatanisha baadaye ni kazi ya kukesha. Dawa ni mashine ya tatu ya kupiga kura, ili upande wenye kura mbili tu ndio uendelee, pamoja na utaratibu wa kumzima kwa nguvu aliyebaki peke yake. Ofisi iliyoomba bajeti ya seva ya pili ilikuwa, bila kujua, inaomba ya tatu.

Mtaalamu wa TEHAMA mwenye uzoefu atanipinga hapa, na hoja yake ina nguvu. Barua pepe, atasema, iliundwa kwa dunia ya mitandao inayokatika: seva ya mpokeaji isipopatikana, ya mtumaji huishika barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena, Postfix kwa kawaida hadi siku 5. Klasta ya nini, basi? Hoja hiyo inahusu barua zinazoingia tu. Chama kikuu kama KDCU, kinachokusanya kahawa ya wakulima wa Karagwe na Kyerwa na kuiuza nje, kinahitaji pia kufungua barua ya mwezi uliopita yenye masharti ya mkataba, na kumjibu mnunuzi wa Ulaya kabla ya jioni. Foleni ya mtumaji haifungui sanduku la mtu. Hata hivyo nakubali kwamba kwa ofisi ya watu kumi, nakala rudufu ya kila usiku iliyohifadhiwa jengo jingine ilikuwa na thamani kuliko klasta. Klasta haikumbuki jana: ukifuta barua kwa bahati mbaya, inafutwa kote kwa uaminifu uleule.

Ndiyo maana naona mabadiliko ya kweli yalikuja masanduku yalipohamishwa. Mkongo wa Taifa ulipofika mkoani, iliwezekana seva ikae mbali bila mtumiaji kusubiri mawimbi ya setilaiti. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa 2012 na kuwa mamlaka kwa sheria ya 2019, ikaleta mfumo mmoja wa barua pepe za serikali, na halmashauri haikuhitaji tena kulinda diski yake. Wapo wanaolalamika kwamba sasa hata ujumbe wa kutoka chumba kimoja kwenda cha jirani husafiri nje ya mkoa na kurudi, na mkongo ukikatika hakuna kinachoenda. Ni kweli, na hasara hiyo haina jibu kamili. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja, intaneti nchini ilizorota vibaya. Aliyehifadhi barua zake Ulaya aliumia kuliko aliyezihifadhi ndani ya nchi. Umbali una kiasi chake.

Kilichobaki wilayani ni njia ya kuzifikia barua, na kosa la zamani limehamia huko. Ofisi hununua modemu ya kampuni ya pili ya simu na kujihesabu ina njia mbili, ilhali kampuni mbili zinaweza kutundika vifaa vyao kwenye mnara mmoja na kukodi mkongo uleule. Kabla ya kusaini, afisa ununuzi wa Rubwera angeuliza kila kampuni mawasiliano yake yanapita wapi kutoka hapo hadi Kyaka, na mnara wao unakula umeme wa nani.