Kipepeo na Kitu Kidogo

Mimi ni mraibu wa stori za kusafiri kwenye wakati, lakini hakuna iliyonishika kama "A Sound of Thunder" ya Ray Bradbury, iliyotoka 1952. Jamaa anaitwa Eckels analipa dola 10,000 arudi enzi za dinosaria kuwinda. Onyo kubwa ni moja: usitoke kwenye njia. Akimwona mnyama, uoga unamshika, anatoka. Wakirudi 2055, anakuta kipepeo aliyekufa kwenye matope ya kiatu chake. Na yule mgombea dikteta aliyekuwa ameshindwa uchaguzi, sasa ndiye mshindi.

Wasee huniambia Bradbury alizidisha. Kipepeo mmoja tu?

Mimi sicheki, juu napanda matatu kila siku. Makanga anapitisha hamsini dirishani, tunaachiliwa, kila mtu anarudi kwa simu yake. Hata jina tumeipatia: kitu kidogo. Lakini ile tairi kipara bado inazunguka, na kesho itabeba watu wengine.

Eckels aliona kipepeo na matokeo yake siku moja. Sisi hatuna mashine ya kutuonyesha ni hamsini gani iliyoua nani. Ndiyo maana ni rahisi kuiita ndogo.

Kwa hivyo siku hizi makanga akianza kutafuta hamsini, nauliza kwa sauti tumesimamishwa kwa nini. Abiria hunikasirikia, eti nawachelewesha. Wewe ungekuwa kiti cha nyuma, ungeniambia ninyamaze?